Sukari itoke ndani ya birika, ikae mezani



Kila mwezi wa Shaabani unapoingia, maduka ya Mtwara mjini na Mikindani, mpaka vijiji vya Madimba na Msimbati, huanza kupanga mifuko ya sukari mbele na tende nyuma yake. Nami wakati huo huanza kupata wageni wa aina moja kliniki. Ni wagonjwa wa kisukari waliokuja kuuliza kama wanaweza kufunga. Kabla sijawajibu huwauliza swali moja tu: nyumbani kwenu chai inatiwa sukari wakati gani? Karibu wote hujibu kuwa inatiwa jikoni, ikiwa bado motoni.

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Sisi watu wa tiba tumezoea kumwambia mgonjwa, "acha sukari," kisha tukamwandikia tarehe ya kurudi. Tumemtwisha mtu mmoja kazi ya nyumba nzima. Halafu akirudi sukari yake ikiwa juu vile vile, tunamwambia hana subira.

Alikuja bibi mmoja kutoka vijiji vya huku kwenye maingilio ya Mto Ruvuma. Nikamwamkia, akaitikia, nikapima, kipimo hakikuwa kizuri.

"Bibi, si tulikubaliana uache sukari?"

"Nimeacha, mwanangu. Siongezi."

Nikatulia kidogo. Siongezi! Kumbe chai ilikuwa inamfikia ikiwa imeshatiwa, na kwa hesabu yake, sukari ya kuacha ni ile ya kuongeza kikombeni. Nikamuuliza mke wa mwanawe anatia vijiko vingapi.

"Vijiko sijui, anatia kwa kikombe."

"Basi mwambie akutolee chai yako kando kabla hajatia."

"Nikimwambia hivyo, mwanangu, atajiona hajui kunipikia. Na wajukuu watasema bibi kaanza kubagua chakula."

Ndugu zangu katika imani, mwanamke huyu hakushindwa na hamu ya sukari. Alishindwa na haya, na haya ile ni ya mtu mwema anayechunga moyo wa mkwe wake. Katika pwani yetu sukari imekuwa heshima kabla haijawa chakula. Mgeni akipewa chai isiyokolea anajiona amedharauliwa. Msibani watu huja na kilo ya sukari mkononi. Kwenye hitma na maulidi, mwenye nyumba hupimwa kwa jinsi chai na vitumbua vyake vilivyo vitamu. Mimi mwenyewe nikiwa madrasa nilikuwa nikinywa vijiko vinne, na aliyekunywa viwili tulimwona mgonjwa.

Hesabu ya birika

Tufanye hesabu ndogo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina takriban gramu 4 za sukari. Kile cha kuchota na kilima juu yake kina zaidi, lakini tuache hicho. Chukua nyumba ya watu 6, kila mmoja anakunywa vikombe viwili kwa siku, asubuhi na jioni, vijiko vitatu kila kikombe. Hiyo ni gramu 144 kwa siku. Kwa mwezi ni kilo 4 na ushei. Kwa mwaka ni kilo 52, yaani zaidi ya mfuko mzima wa kilo 50, na hapo hatujagusa maandazi, kalimati, uji wa watoto, wala soda.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kuwa sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu kwa siku. Likasema ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, na hiyo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko 6. Vile vikombe viwili vya chai vimeshamaliza vijiko hivyo 6. Soda moja ya chupa ya kawaida peke yake ina vijiko 8 hadi 9.

Niseme jambo hapa ili nisieleweke vibaya. Kisukari hakiletwi na sukari ya chai peke yake. Kipo cha kurithi, kipo kinacholetwa na unene na kukaa bila kufanya kazi za mwili, na kile cha watoto na vijana kina sababu zake nyingine kabisa. Lakini sukari nyingi, hasa ya vinywaji, huongeza unene na huongeza hatari ya kupata kisukari cha ukubwani. Huoza meno pia, na hilo watu wamelichukulia kuwa ni jambo la kawaida tu. Watoto wa miaka minne wanaletwa kwangu magego yakiwa meusi, na mama anaapa kuwa hajawahi kumnunulia pipi. Ukimuuliza habari za uji anasema bila sukari mtoto hanywi. Nani alimfundisha mtoto huyo kuwa uji ni mtamu?

Aidha, wako wagonjwa walioacha sukari kabisa lakini wanakula mlima wa ugali wa muhogo mara tatu kwa siku, kisha wanashangaa kipimo. Wanga nao hugeuka sukari mwilini. Hiyo ni makala nyingine, inshaallah.

Tulishawahi kuacha bila kujua

Wengi mnakumbuka mwaka 2024. Mvua nyingi za El Nino zilivuruga uzalishaji viwandani, na mwezi Januari Bodi ya Sukari ikatangaza bei elekezi ya rejareja isiyozidi shilingi 3,200 kwa kilo. Pamoja na hayo, madukani sehemu nyingi nchini ilivuka 4,000, na mwezi Machi Ramadhani ikatukuta katika hali hiyo. Kabla ya hapo tuliona uhaba mwaka 2016 na tena mwaka 2020, nyakati za Ramadhani vile vile. Wazee wanakumbuka foleni za miaka ya themanini.

Nyumbani kwangu mwaka ule wa 2024 tulitoka vijiko vitatu tukaingia kimoja, si kwa uchamungu bali kwa sababu ya mfuko. Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Wiki ya pili tulinung'unika kidogo. Kufikia mwisho wa mfungo hakuna aliyekumbuka kulalamika. Kisha bei ikashuka, na siku hiyo hiyo tukarudi kwenye vijiko vitatu tukiona tumepata nafuu! Sehemu ngumu tulikuwa tumeshaivuka, tukarudi wenyewe kwa miguu yetu.

Naamini nyumba nyingi za Chikongola na Magomeni zilipita njia hiyo hiyo. Ulimi unazoea. Ukiupunguzia utamu, kwa wiki chache tu unaanza kuonja utamu wa vitu ambao hukuujua: wa muhogo mbichi, wa nazi, hata wa maziwa. Ukiuzidishia, unadai zaidi.

"Mtume alipenda vitamu"

Nikisema haya msikitini, hakosi mtu wa kunikumbusha kuwa Bibi Aisha (RA) amepokea kuwa Mtume (SAW) alikuwa akipenda vitu vitamu na asali. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini ni Bibi Aisha huyo huyo aliyesimulia kuwa ilikuwa ikipita miandamo ya miezi bila moto kuwashwa katika nyumba za Mtume (SAW), na chakula chao kikiwa ni tende na maji. Tuzisome hadithi zote mbili pamoja. Kupenda kitamu ukikipata ni jambo moja. Kukifanya faradhi ya asubuhi, alasiri na usiku ni jambo jingine. Na vitamu vya Madina vilikuwa vya tende, maziwa na asali. Sukari nyeupe ya kiwandani haikuwapo.

Mwingine atasema, "Basi mimi nimehamia kwenye asali." Qur'ani katika Surat An-Nahl imeeleza kuwa ndani ya asali mna ponyo kwa watu, na sisi tunaamini. Lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Anayemimina asali vijiko vitatu kila kikombe hajatoka kwenye sukari, amebadilisha duka tu. Kwa mgonjwa wa kisukari asali hupandisha sukari ya damu kama sukari nyingine, na sukari guru ni hivyo hivyo. Ama vile vidonge vya utamu, mwenye kisukari anaweza kuvitumia kwa ushauri wa daktari wake, lakini kwa anayetaka kupunguza mwili Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri asivitegemee. Mimi naona kasoro yake ni kuwa ulimi unabaki pale pale, ukisubiri utamu.

Sisemi sukari ni haramu, Allah (SWT) atulinde na kuharamisha alichohalalisha. Ni mubaha. Lakini Surat Al-Aaraf, aya ya 31, imeturuhusu kula na kunywa ikatukataza israfu katika mstari mmoja. Nami nilifundishwa madrasa kuwa muumini hajidhuru wala hamdhuru mwenzake. Mpishi anayetia kikombe cha sukari kwenye birika akijua kuwa mama mkwe wake ana kisukari, na ajiulize mwenyewe yuko wapi katika fundisho hilo. Mume anayerudisha kikombe akisema chai haijakolea, naye ajiulize.

Hamu inapokuja

Sasa tuje kwenye hamu yenyewe, maana iko, na haiondoki kwa mawaidha. Utamu huamsha sehemu ya ubongo inayotupa raha, na ubongo hukumbuka saa, mahali na harufu. Ndiyo maana hamu haiji ovyo. Inakuja baada ya Alasiri ulipozoea chai na andazi, au baada ya Tarawehe mnapopita kwenye friji ya soda. Ijue saa yake, uwe na kitu tayari.

Jambo la kwanza, usiache chai. Wengi wanaacha chai na sukari pamoja, kisha siku ya pili kichwa kinawapasuka, wakasema ni sukari inawatafuta. Mara nyingi ni ukosefu wa ile kafeini iliyomo kwenye majani. Kunywa chai yako, ondoa sukari tu. Mwenye kuweza kuacha mara moja na aache. Asiyeweza apunguze kijiko kimoja kila baada ya wiki moja au mbili. Tia tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai wa uani. Mchaichai, kwa maoni yangu, hauhitaji hata chembe ya sukari, na anayebisha ajaribu siku kumi.

La pili, usikae na njaa. Aliyekunywa chai tupu asubuhi, saa nne atatafuta andazi. Kula muhogo wa kuchemsha na dagaa, au kunde, au yai. Na hapa kuna jambo linaloniudhi. Mkoa wetu unalima korosho, na konzi moja ya korosho isiyo na sukari wala chumvi nyingi hukaa tumboni muda mrefu na kutuliza hamu. Lakini msimu ukifika, kuanzia Oktoba, tunauza korosho yote, na fedha za mnada zikiingia tunanunua kreti za soda. Wekeni debe moja la nyumbani, jamani.

La tatu, ipishe. Hamu hupanda, ikafika juu, ikashuka, mara nyingi katika dakika chache kama hukuipa inachotaka. Kunywa maji, toka nje, fanya kazi ya mikono. Mimi huenda kutia udhu nikaswali rakaa mbili, na nikimaliza huwa nimesahau nilichokuwa nakitafuta kabatini.

La nne ni mswaki. Ukimaliza kula, piga mswaki papo hapo, wa mti au wa dukani. Kinywa kikiwa safi na kikali, utamu hauingii vizuri, na nafsi inaelewa kuwa kula kumekwisha. Sunna, usafi na tiba vimekutana mahali pamoja. Katika Ramadhani, sisi Mashafii tunaona karaha kwa aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, basi fanya hivyo usiku baada ya futari, wakati ule ule hamu ilipo kali.

Tunda zima si adui. Embe, papai, chungwa, hata bibo likitafunwa likiwa bichi, lina nyuzinyuzi na maji pamoja na utamu wake. Mwenye kisukari ale kwa kiasi. Ukilisaga, ukalichuja na kuongeza sukari, hilo si tunda tena. Na lala mapema. Mtu aliyekesha hutamani vitamu zaidi siku inayofuata, nasi Ramadhani tunakesha kwenye vibaraza mpaka daku.

Tahadhari kwa wanaotumia dawa

Hapa naomba msome kwa makini. Mgonjwa anayechoma insulini au anayemeza vidonge kama glibenklamaidi asipunguze chakula na sukari ghafla, wala asifunge, kabla hajaonana na mtaalamu apangiwe dozi upya. Sukari ya damu ikishuka sana huua haraka kuliko ikipanda. Dalili zake ni jasho jingi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kizunguzungu na kuchanganyikiwa maneno. Akiwa bado anaweza kumeza, apewe papo hapo vijiko vinne vya sukari kwenye maji, kisha chakula, hata kama imebaki robo saa kuingia Magharibi. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni kituoni.

Kipimo kikishuka chini ya 3.9 saumu ifunguliwe, na kikivuka 16.7 ifunguliwe vile vile. Kutoboa kidole kupima hakufunguzi kwa kauli ya wengi katika maulamaa wa zama zetu, basi asiogope kupima. Ruhusa ya mgonjwa iko wazi katika Surat Al-Baqara, aya ya 184 na 185. Anayeikataa ruhusa hiyo kwa kuona haya mbele za watu hajajiongezea ucha Mungu.

Kwa sababu hiyo sisemi sukari itolewe nyumbani. Nasema itolewe kwenye birika. Chai ipikwe bila sukari, bakuli la sukari liwekwe mezani na kijiko kimoja kidogo, kila mtu ajitilie mbele ya macho yake mwenyewe. Anayetaka vitatu atie vitatu, akiviona. Mgonjwa anywe chai ile ile ya wote, pasiwe na sufuria ya kando wala aibu. Na ikitokea sukari ya damu imemshuka, bakuli liko karibu.

Neno kwa wenye kutoa

Ndugu zetu wenye uwezo, taasisi na wafadhili, kila mwaka hugawa mifuko ya futari kwa mayatima, wajane na wazee. Allah awalipe. Ndani yake kuna mchele, mafuta, unga, tende, na karibu kila mara kilo mbili tatu za sukari. Naomba mwaka huu mpunguze sukari hiyo na mahali pake mtie kunde, choroko au maharage. Mjane mwenye kisukari hatairudisha sukari mliyompa, ataitumia, kwa kuwa ni sadaka na kuitupa ni dhambi. Maimamu nao waanze na chai ya msikitini. Iandaliwe bila sukari na bakuli liwekwe kando. Wakubwa wakifanya hivyo hadharani, hakuna mkwe atakayejiona hajui kupika.

Tende tatu na maji zinatosha kufungulia. Tende moja ya kawaida ina utamu wa kijiko kimoja cha sukari au zaidi, kwa hiyo aliyefungua kwa tende saba, kisha uji wa sukari, kisha kalimati, asimsingizie shetani, maana tumeambiwa mashetani hufungwa minyororo mwezi huo.

Yule bibi nilimwomba aje na mke wa mwanawe. Wakaja wote wawili. Sikumlaumu binti, nilimwonyesha tu kipimo cha mama mkwe wake na kumwelekeza juu ya bakuli la mezani. Akasema kumbe ni hivyo tu, yeye alidhani mama anapenda chai iliyokolea, ndiyo maana alikuwa akizidisha. Mara ya mwisho walipokuja kipimo kilikuwa kimeshuka, na binti akaniuliza kama vitumbua navyo vinaweza kutiwa iliki na sukari nusu. Nikamwambia aanze na chungu kidogo kwanza, aone wajukuu watasemaje.